Mjenzi Aliahidi Kulipa Marejesho ya Benki, Kisha Akaacha: Deni ni la Nani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nilinunua nyumba ikiwa bado ramani. Benki ilimlipa mjenzi kwa mkopo niliosaini mimi, naye akaahidi kwa maandishi kwamba atalipa marejesho ya kila mwezi hadi anikabidhi funguo. Alilipa miezi 6, akaacha, na ujenzi umesimama. Benki inanidai mimi, pamoja na faini. Je, nina dhambi nikikataa kulipa? Na mjenzi nimdai nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, tazama kwanza sahihi ya benki iko kwenye karatasi ipi. Ikiwa ahadi ya mjenzi iko katika mkataba wako na yeye tu, deni halijatoka shingoni mwako. Ikiwa benki nayo imesaini, nawe umebaki mdaiwa, hiyo ni dhamana: mwenye kudai ana hiari ya kumdai yeyote kati yenu. Hawala, yaani deni kuhamia kwa mwingine nawe ukawa huru, itakuwepo pale benki iliporidhia kukuachia kabisa, na mikataba ya mikopo ni nadra kusema hivyo. Tafuta kifungu kisemacho mkopaji atalipa hata kama muuzaji hakutimiza.

Basi asili ya mkopo, yaani fedha iliyokopwa bila nyongeza, ni deni lako, na kukataa kulipa ilhali unaweza ni dhulma, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Hurayra kwa Bukhari na Muslim. Riba na faini ya kuchelewa ni jambo jingine. Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria za Kiislamu), katika azimio namba 51 la mwaka 1990, limekataza nyongeza juu ya deni lililocheleweshwa. (Wengi huniuliza habari ya mjenzi, lakini tatizo la riba lilianza siku ya kusaini, na lina toba yake.) Iombe benki kwa maandishi faini ifutwe. Wakikataa, na nyumba iko hatarini kupigwa mnada, lipa kwa kuondoa madhara makubwa zaidi huku ukichukia. Usigome kulipa ili kumkomoa mjenzi: fedha zake keshachukua, faini inapanda kwako.

Kisha iulize benki tarehe za kila malipo iliyompa mjenzi na ripoti za ukaguzi. Fedha za ujenzi hutolewa kwa hatua. Ikiwa mkataba unasema hivyo, nayo ilitoa fungu la paa jengo likiwa kwenye msingi, una dai dhidi ya benki yenyewe.

Kwa mjenzi, makosa huanzia kwenye kuchanganya madai mawili. Kazi ya kujenga ni istisnaa, yaani mkataba wa kutengenezewa kitu kwa kuagiza, na azimio la Baraza hilo namba 65 la mwaka 1992 limeruhusu sharti la fidia mjenzi akichelewa kukabidhi, isipokuwa kwa dharura isiyo mikononi mwake. Kwa hiyo kama mkataba umetaja kiasi kwa kila mwezi wa kuchelewa, ni halali yako. Lakini marejesho aliyoahidi ni deni la fedha, na azimio lake namba 109 la mwaka 2000 linakataza sharti la fidia pale wajibu wa asili ukiwa ni deni. Kama rejesho ni 1,000 na ameacha miezi 9, mdai 9,000, si 9,900 kwa kuongeza fidia. Gharama halisi za kumfuatia, kama ada za mahakama, mwanachuoni Ibn Taymiyya alisema ni juu ya mwenye kuchelewesha haki ilhali ana uwezo.

Ikiwa umebakiza fungu la mwisho la bei, nalo limeshafika muda wake, unaweza kukata deni kwa deni kwa sarafu ileile. Mwandikie hesabu kabla ya kukata. Kwenda mahakamani inajuzu. Hukumu ikikupa riba, chukua asili, ziada uwape mafukara bila kutarajia thawabu ya sadaka.

Akithibitika amefilisika, aya ya 280 ya Suratul Baqara inampa muda, na mali iliyopo hugawanywa kwa wadai kwa uwiano wa madeni yao. Peleka dai lako mapema, likiwa na risiti.

Wallahu aalam.