Kuhusu paka mweusi aliyejileta mlangoni

Ndugu uliyeuliza kama umpokee mtoto wa paka mweusi aliyejileta mlangoni kwako, ilhali mama mkwe wako anashikilia kwamba ataingiza nuksi nyumbani, nakujibu nikiwa mtu aliyeishi na paka mweusi kwa miaka 11: mpokee.

Nami nilionywa. Jirani yangu, mtu mwema ambaye hadi leo tunasalimiana, alikuwa akigeuza njia kila alipomwona paka wangu amejilaza kizingitini. Mwanawe alipougua homa, alikuja kuniomba, kwa upole lakini kwa hofu ya kweli, nimpeleke mbali yule mnyama. Sikumcheka, kwa sababu hofu ambayo mtu ameipokea utotoni haiondolewi kwa kuchekwa. Nilimweleza kwamba usiku ule mtoto alipoanza kuumwa, paka alikuwa amelala miguuni pangu tangu magharibi, kisha nikamsihi ampeleke mtoto hospitali kabla ya kulizungumza jambo lingine lolote. Mtoto alitibiwa akapona, na baada ya miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akimlisha paka wangu kila niliposafiri.

Baadaye nilitambua kwamba imani hizi zenyewe hazipatani. Nchini Marekani na katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya, paka mweusi akikukatiza njia huhesabiwa kuwa ndege mbaya. Nchini Uingereza na Japani, kwa watu wengi, paka yuleyule ni dalili ya heri, na mabaharia wa Kiingereza walipenda kuwa naye chomboni wakiamini kwamba watarudi salama. Hofu ya Ulaya ina mizizi mirefu. Mwaka 1233 Papa Gregori wa Tisa alitoa barua iitwayo Vox in Rama, iliyosimulia ibada za kishetani walizodaiwa kuzifanya wazushi wa Ujerumani, yaani watu walioshtakiwa kupotoka na mafundisho ya Kanisa, na paka mweusi anatajwa humo. Barua hiyo haikuagiza paka wauawe, ingawa hudaiwa hivyo mara nyingi, lakini inaonyesha jinsi mnyama asiye na hatia alivyoingizwa katika mashtaka ya wanadamu dhidi ya wanadamu wenzao.

Weusi wenyewe ni suala la urithi tu. Kuna jeni linalogawa rangi ya unywele mmoja mmoja katika mafungu ya giza na mwanga, na paka akirithi nakala isiyofanya kazi hiyo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, manyoya hujaa rangi nyeusi kuanzia shinani hadi nchani. Ndiyo maana wazazi wawili wenye milia wanaweza kuzaa mtoto mweusi tii. Mtazame huyo wako akiwa juani: huenda ukaiona milia hafifu chini ya weusi, hasa kwa kuwa bado ni mdogo. Wangu alikuwa akigeuka rangi ya kahawia iliyoiva mgongoni kwa sababu ya kuota jua kila siku, na sikuchoka kumtazama. Hata hivyo, manyoya yakififia kwa paka asiyekaa juani, angalia chakula chake, kwani upungufu wa tirosini, kijenzi cha protini kinachopatikana katika nyama na samaki, huweza kuleta mabadiliko kama hayo.

Kuna tahadhari moja ambayo wenye paka weupe hawaihitaji sana. Juu ya manyoya meusi, jeraha dogo, kupe na viroboto havionekani kwa urahisi, kwa hiyo zoea kumpapasa mwili mzima kwa vidole, kisha mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Chembe nyeusi zitakazodondoka zikiacha alama nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, chenye damu waliyomnyonya. Mvishe pia ukosi unaong'aa ukimulikwa na taa, wa aina inayofunguka yenyewe ukinaswa, maana hatari kubwa inayomkabili usiku ni dereva asiyemwona.

Kuhusu mama mkwe, usishindane naye kwa hoja hizi zote kwa siku moja. Mheshimu, mwache amzoee paka kwa mwendo wake mwenyewe, na ukiona ameanza kumtupia jicho anapocheza, mwombe yeye ndiye ampe jina.