Barua kwa Mwanangu: Hatukuhama Mikono Mitupu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma kwenye basi, nikafika nyumbani nikausoma tena. Unasema mwenzako amekuuliza swali ukakosa jibu: mama yako ni Mkatoliki wa namna gani, ambaye paroko wake ana mke na wajukuu, na ambaye akitoka zamu ya usiku haendi kulala bali anapitia kanisani kusoma zaburi kwenye kitabu chenye asili ya Kianglikana? Halafu ukaongeza la kwako: "Mama, kama mliamua kuwa Wakatoliki, si mngeingia parokia ya jirani kama watu wengine? Na sala ya kusoma kitabuni kila siku inakupa nini ambacho huwezi kumwambia Mungu kwa maneno yako mwenyewe?" Hayo si ya kujibiwa kwenye simu.

Nianze na mwenzako, maana amezaliwa na kulelewa Mkatoliki huko Moshi, na ana haki ya kujua anaingia ukoo gani. Mwambie sisi ni Wakatoliki kamili. Tunaungama, tunamtii Baba Mtakatifu, Komunyo yetu ndiyo hiyo hiyo yake. Akija hapa atapokea kwetu, nami nikienda Moshi nitapokea kwao bila kumwomba mtu ruhusa. Ila hatumo katika jimbo la askofu wa hapa. Tumo katika Ordinariati ya Bikira Maria wa Walsingham. Ordinariati ni kama jimbo, tofauti ni kwamba jimbo linahesabiwa kwa mipaka ya ardhi na hii inahesabiwa kwa watu walioandikishwa. Papa Benedikto wa XVI ndiye aliyefungua mlango kwa Katiba ya Kitume ya Novemba 4, 2009, baada ya Waanglikana wa pande mbalimbali kumwomba wapokelewe kwa makundi, pamoja na mapokeo yao ya sala. Yetu ya Uingereza iliundwa Januari 15, 2011. Marekani na Kanada wakapata yao Januari 2012, Australia Juni mwaka huohuo.

Na habari ya mke wa padre. Paroko wetu alikuwa kasisi wa Kianglikana, tayari ana familia, akapewa daraja ya upadre katika Kanisa Katoliki kwa ruhusa maalumu ya Roma. Kijana asiyeoa anayeingia seminari leo anafuata useja kama mapadre wengine. Askofu hawezi kuwa na mke kabisa. Ndiyo maana kiongozi wetu wa kwanza, Monsinyori Keith Newton, aliyekuwa askofu wa Kianglikana na kabla ya hapo akatumika Malawi, alituongoza miaka 13 bila kuwa askofu. Askofu wetu wa kwanza, David Waller, aliwekwa wakfu Juni 2024. Basi, hilo limekwisha.

Sasa swali lako. Ili nikujibu lazima nikurudishe nyumbani kwetu Magila.

Wewe unamjua babu yako kwa picha tu. Alikuwa mwalimu wa dini, na nyumba yetu ilikuwa karibu na kanisa kiasi kwamba kengele ya alfajiri ilikuwa kama inapigwa chumbani. Waliotuletea dini kule Muheza, na Korogwe, na Masasi, na Unguja, ni wamisionari wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), Waanglikana waliopenda ubani, Misa, kuungama na Sala ya Malaika wa Bwana. Askofu wao Edward Steere ndiye aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, na ndiye aliyetia sehemu kubwa ya Biblia katika Kiswahili cha Unguja. Kwa hiyo mimi nilikua nikisema "Misa" na "Padre". Nilipofika Dodoma kusoma uuguzi nilishangaa kukuta Waanglikana wenzangu hawana hata ubani, wananiuliza kama mimi ni Mroma.

Babu yako alisali Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni kila siku ya maisha yake, na hakusali peke yake. Kama kanisani hakuna mtu, alimwita mtoto yeyote anayepita na ndoo akamwambia aweke ndoo chini, akae, aitikie. Wengi wetu tulijifunza zaburi hivyo, ndoo ikiwa miguuni. "Njoni, tumwimbie Bwana," anaanza yeye, nasi tunamalizia.

Basi baba yako na mimi tulipokuja Uingereza tulitafuta kanisa la Kianglikana lenye sala hizo, tukalipata. Halafu yakaja mashauri ya 2009 na 2010, kama tuupokee mwaliko wa Papa au tubaki. Sitaki kukurudisha katika malumbano ya wakati ule. Kuna mtu tuliyemheshimu sana alitwambia maneno yaliyouma, na naye alikuwa ameumia. Ninachotaka ujue ni hiki: sisi hatukukimbia kitu tu. Babu yako alituombea umoja wa Kanisa kila jioni, na mimi kila jioni niliitikia "Amina". Siku mlango ulipofunguka, ningesema nini? Kwamba ile Amina haikuwa ya kweli?

Tuliondoka Jumatano ya Majivu ya 2011, watu 31 pamoja na kasisi. Jengo lilibaki kwao, na ilikuwa haki yao. Kwaresima yote hatukupokea Komunyo: kule tumetoka, huku bado hatujapokelewa. Wewe ulikuwa shuleni, hukuuona mfungo ule. Tulikutana kwenye ukumbi wa mtaa, viti vya plastiki, baridi inapita chini ya mlango, na kitu pekee tulichokuwa nacho ni sala ya asubuhi na ya jioni. Hakuna altare, hakuna mkate. Zaburi tu. Siku arobaini tuliishi kwa zaburi, na ndipo nilipoelewa kwamba kitabu kile si pambo. Juma Kuu tukapokelewa, tukapewa kipaimara, na baba yako alipopokea Ekaristi alirudi kwenye kiti akalia kwa sauti, yeye ambaye hata msibani kwao hakulia.

Unauliza kwa nini hatukujichanganya tu na parokia ya jirani. Tungeweza, na wengine walifanya hivyo, nao si vibaya. Lakini Papa hakutuambia tuje mikono mitupu. Katiba ile inayaita mapokeo yetu ya sala zawadi ya thamani na hazina ya kushirikisha wengine. Tafakari hilo kwa upole. Kitabu cha Sala cha kwanza kilitolewa mwaka 1549 na Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, wakati Uingereza imekwisha kujitenga na Roma. Watu wa Devon na Cornwall waliinuka kukikataa, wakauawa kwa wingi. Kitabu kilichozaliwa katika mpasuko! Ila ndani yake Cranmer alifanya jambo moja jema sana: alichukua vipindi vya sala vya watawa, ambavyo mtu wa shamba au wa duka asingeviweza, akavikusanya viwe viwili, asubuhi na jioni, kwa lugha ya watu, ili parokia nzima isali. Leo Kanisa Katoliki limepokea umbo lile, likalitakasa, likaturudishia. Kabla ya Komunyo, katika Misa yetu, tunapiga magoti na kusema sala ya tangu wakati ule, kwamba hatustahili hata kuokota makombo chini ya meza ya Bwana. Kila nikiisema naona jeraha la karibu miaka 500 likifunga.

Na sasa kuhusu kusoma kitabuni. Nikueleze inavyokuwa, maana hujawahi kuja siku ya kazi.

Saa mbili na nusu asubuhi. Mara nyingi tuko watano au sita. Tunakaa pande mbili tukitazamana, upande wa dirisha na upande wa mlango. Zaburi zote 150 zimegawanywa katika siku 30 za mwezi, asubuhi na jioni, kwa hiyo tarehe ndiyo inayokuchagulia zaburi, si moyo wako. Upande mmoja unasema mstari, upande wa pili unaitikia mstari unaofuata. Katikati ya kila mstari pana nukta mbili. Hapo wote tunanyamaza kiasi cha pumzi moja. Hakuna anayehesabu, hakuna anayetoa ishara. Unasikiliza wenzako wanavuta pumzi, kisha mnaendelea pamoja.

Mgeni huikosa nukta hiyo kila mara. Anakimbia, sauti yake inabaki peke yake hewani. Kwetu yuko mama mmoja wa miaka tisini, anasoma kwa miwani na kioo cha kukuzia, na pumzi yake ni fupi. Sisi sote tunakwenda kwa pumzi yake. Miaka yote hii sijasikia mtu akisema tumsubiri, tunasubiri tu. Mwanangu, ukiniuliza jumuiya ni nini, nitakupeleka kwenye nukta mbili hizo. Mtu akizoea kutomwacha mwenzake nyuma katikati ya mstari, atashindwa kumwacha nyuma kwenye mambo mengine pia. Alipovunjika nyonga, hakuna aliyeitisha kikao. Kufika Jumatano ratiba ya chakula ilikuwa imejaa, na watu wawili walikwenda kusali naye wodini jioni, upande mmoja wa kitanda na upande wa pili.

Jioni ya tarehe 15 ni zaburi ya 78 peke yake, zaidi ya mistari sabini. Inachosha. Ni hadithi ya watu waliosahau, wakakumbushwa, wakasahau tena. Kuna siku nimeisoma macho yakifumba kwa usingizi wa zamu. Lakini wenzangu waliishika, nami nikashikwa nao. Ndiyo faida moja ya sala isiyo yangu: siku ambayo mimi sina kitu, sala haisimami.

Na hapa nakwambia jambo ambalo sijakwambia. Baba yako alifariki usiku wa tarehe 16. Wewe ulikuwa bado njiani. Asubuhi sikujua niende wapi, miguu ikanipeleka kanisani. Nilikuwa sina neno. Ungeniambia nisali kwa maneno yangu mwenyewe, ningekaa kimya mpaka leo. Asubuhi ya tarehe 17 zaburi ni ya 86, ya 87 na ya 88. Unaijua ya 88? Ni zaburi isiyo na faraja mwishoni, inaishia gizani, mpenzi na rafiki wameondolewa. Hakuna aliyenichagulia, ilikuwa tarehe tu. Tulipofika pale sauti yangu ikakatika, na upande wa dirisha ulikuwa na mimi na mke wa paroko peke yetu. Akasema mstari wangu. Wa mlangoni wakaitikia. Wakafika kwenye nukta, wakanyamaza, wakanisubiri kidogo, wakaendelea. Jioni nilirudi, na kama kila jioni, ukaja wimbo wa mzee Simeoni. Wenzangu wanausema kwa Kiingereza cha zamani, lakini mimi chini ya ulimi nausikia kwa sauti ya babu yako: "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani, kama ulivyosema."

Kwa hiyo mwanangu, simwambii Mungu maneno ya kitabu kwa sababu sina yangu. Yangu namwambia jikoni, kwenye basi, nikikuombea wewe. Yale ya kitabu nayasema kwa sababu ni yetu.

Mwenzako atayaelewa haya kuliko wewe, nafikiri. Amelelewa kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, anajua maana ya kukusanyika nyumba kwa nyumba alfajiri kabla watu hawajatawanyika, na kuchangishana mgonjwa akitajwa. Sisi hapa tuko wachache, kanisa tunatumia pamoja na parokia ya jimbo, vitabu tunavibeba kwenye makreti na chetezo kinakaa kwenye kabati la paroko. Mtu mmoja wa pale aliwahi kuniuliza kama sisi ni Wakatoliki wa kweli. Nilimwalika Sala ya Jioni. Hakuja. Nilimwalika tena wakati wa Majilio, akaja, na baadaye alibaki kusaidia kuosha vikombe. Nafurahi sana juu ya mtu huyo. Askofu Frank Weston wa Unguja aliwaambia Waanglikana waliojaa ukumbini London mwaka 1923 kwamba huwezi kudai unamwabudu Yesu katika tabernakulo kama humhurumii Yesu aliye katika vibanda vya maskini. Babu yako aliyapenda maneno hayo. Ndiyo maana kila baada ya Sala ya Jioni ya Ijumaa tunapika supu, na anayegonga mlango anakula, awe amesali au hajasali.

Umesema mtakuja wote wawili mwezi ujao. Mwambie alete soksi nzito, kanisa lina baridi hata kiangazi. Zaburi asihangaike nazo, kitabu nitamshikia, na akikimbia kwenye nukta asione haya. Atakaa upande wa dirisha pamoja nami. Tangu baba yako aondoke, upande wetu una nafasi.

Mama yako