Mvutano wa uso uliopimwa maabara: je, unafaa kwa tone la wingu?

Swali: Nasoma shahada ya uzamili. Nimeloweka vichujio vilivyonasa moshi wa kuni, kisha nikapima maji yake kwa njia ya tone linaloning'inia. Mvutano wa uso (nguvu inayovuta uso wa maji ubane) umeshuka hadi 52 mN/m (milinewtoni kwa mita), wakati maji safi ni 72. Je, niingize 52 kwenye mlinganyo wa Köhler, unaoeleza lini chembe hewani hukua kuwa tone la wingu?

Jibu: Usiiingize moja kwa moja, ndugu msomaji. Kipimo chako huenda ni sahihi kabisa, lakini ni cha tone lenye upana wa milimita mbili hivi. Tone linalotaka kuwa wingu ni dogo kuliko hilo mara maelfu.

Kwanza tuone kwa nini namba hii ina uzito. Katika nadharia ya Köhler, unyevu unaohitajika kupita asilimia 100 ili tone liendelee kukua hufuata mvutano wa uso uliopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Ukishuka kutoka 72 hadi 52 huku mengine yote yakibaki vilevile, hitaji hilo linapungua kwa karibu asilimia 39. Chembe nyingi ambazo zingebaki ukungu mkavu zingegeuka matone ya wingu. Kosa hapa linapotosha hesabu yako yote.

Molekuli zinazoshusha mvutano, kama asidi za mafuta, zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo hujipanga usoni mwa tone. Kufunika uso kunahitaji takriban mikromoli 3 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli; mikromoli ni sehemu yake ya milioni) kwa kila mita ya mraba. Kwenye tone lako la milimita mbili, kiasi hicho ni sawa na kuchukua mikromoli 9 tu kutoka kila lita ya maji. Ndani hakupungui kitu cha kuhisika. Sasa chukua punje kavu ya nanomita 50 iliyovimba hadi nanomita 300. Uso wake unadai moli 0.06 kwa kila lita. Hata kama punje nzima ingekuwa asidi ya namna hiyo yenye uzito wa gramu 200 kwa moli, baada ya kuchanganyika na maji mara 216 ingebaki na moli 0.03 hivi kwa kila lita. Haitoshi hata kufunika uso, na ndani hakubaki kitu.

Hapo ndipo wengi huhesabu faida mara mbili. Molekuli iliyopanda usoni haipo tena ndani kusaidia kupunguza mvuke unaotoroka, yaani athari ya Raoult. Ukishusha mvutano, punguza pia idadi ya molekuli zilizoyeyuka ndani.

Sisemi athari hii haipo. Vipimo vya maji ya ukungu na mawingu ya bonde la Po, Italia, vilivyochapishwa mwaka 1999, vilionyesha mvutano umeshuka hadi karibu theluthi. Mwaka 2017 watafiti waliotumia vipimo vya Mace Head, kituo cha kupimia hewa pwani ya Ireland, walionyesha kuwa chembe ndogo zenye misombo ya kikaboni zinaweza kubeba utando usoni, na kushuka kwa mvutano kukashinda hasara ya Raoult. Chumvi nayo huchangia: amonia salfeti peke yake hupandisha mvutano kidogo, lakini ikiwa pamoja na misombo hiyo huisukuma itoke ndani iende usoni.

Kwa kazi yako, punguza maji ya vichujio hatua kwa hatua, pima kila hatua, kisha chora mvutano dhidi ya ukolezi na uupatanishe na mlinganyo wa Szyszkowski, unaohusisha mvutano na ukolezi. Rudia ukiwa umeongeza amonia salfeti. Kisha endesha modeli mara tatu: kwa 72, kwa mvutano unaofuata ukolezi bila kuhesabu kinachopanda usoni, na kwa mgawanyo kamili kati ya uso na ndani. Kama una kifaa cha kuhesabu viini vya wingu (chembe zinazoweza kugeuka matone), linganisha matokeo yote matatu nacho. Andika pia halijoto na umri wa sampuli. Moshi uliokaa huoksidishwa na tabia yake ya usoni hubadilika.