Jibu: Pedali ngumu, na injini inayumba nikikanyaga breki

Kama injini inayumba pale tu unapokanyaga na kushikilia pedali, mimi ningeanza na busta yenyewe (kopo linalotumia mvuto wa hewa wa injini, yaani vakyumu, kulainisha breki). Ikiyumba muda wote, shuku paipu ya hewa inayotoka injini hadi busta, au vali yake ya upande mmoja.

Zima injini, kanyaga pedali mara tano hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Busta ikiwa nzima, pedali hushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, vakyumu haifiki au busta imekufa. Sasa injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta), bana paipu ya busta kwa koleo laini: mngurumo ukitulia, hewa inaingia kuanzia hapo hadi kwenye busta yenyewe. Chomoa vali uipulize. Ipitishe upande mmoja tu. Kagua pia kimpira kinachoishika kwenye busta, maana kwenye magari ya zamani hukauka na kupasuka, na watu wengi hukiruka.

Ukisikia "sssss" karibu na miguu ukiwa umeshikilia pedali, dayaframu (mpira mpana ulio ndani ya busta) au sili ya nyuma (mpira wa kuzuia hewa) imekufa. Mafuta ya breki yakipungua bila kuvuja nje, legeza masta silinda (pampu ya mafuta ya breki iliyofungwa kwenye busta) uangalie nyuma yake: pakiwa pamelowa, sili yake inavujia ndani ya busta.

Paipu mpya iwe ya vakyumu. Ya petroli inaweza kujikunja ndani ikifyonzwa.