Jibu: Jalada linapendwa, kitabu hakinunuliwi

Jambo ndugu wa Kampemba, hapa Lubumbashi. Umesema umechapisha riwaya nakala 200, kila siku unaweka jalada Facebook, watu wanabonyeza "napenda", lakini kwa mwezi mzima zimetoka 9 tu.

Anza na tangazo lenyewe. Halina bei, halina namba, halisemi kitabu kinapatikana wapi. Mtu wa mji mwingine, kama Likasi, akikitaka afanye nini? Andika wazi: bei kwa franka na kwa dola, namba ya Airtel Money au M-Pesa pamoja na jina litakalotokea (mtu akiona jina asilolijua anaacha kulipa), mahali pa kukichukua mjini, na pesa ya kukituma kwa basi.

Jalada wameshalizoea. Piga picha ya ukurasa mmoja, karibu na dirisha, herufi zisomeke bila kukuza. Chagua pale ugomvi unapoanza, ukate kabla haujaisha. PDF nzima usimpe mtu, hata rafiki: ikiingia kwenye kikundi kimoja, hairudi.

Kwenye WhatsApp, orodha moja ya matangazo ("broadcast", unaandika mara moja na kila mtu anaupata ujumbe peke yake) inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengi wanakwama hapo bila kujua. Kila anayenunua, mwombe aihifadhi palepale, simu ikiwa mkononi.

Na wale 9, waandikie leo, mmoja mmoja. Waombe sauti ya nusu dakika juu ya walichosoma, na ruhusa ya kuiweka kwenye statusi yako.