Kengele ya mvua na kitabu kisicho na jalada

Msimu wa karafuu hapa Pemba, jicho la mtu haliwi mbali na mawingu. Karafuu zimeshachumwa, watu wamekaa hadi usiku wakizichambua na makonyo, yaani vikonyo vyake, asubuhi majamvi yametandikwa uwanjani. Jua likiwaka sawasawa, siku chache zinatosha. Lakini mvua za vuli hazipigi hodi. Unaingia kuswali Adhuhuri jua liko utosini, unatoa salamu unasikia matone juu ya bati, na kabla hujavaa viatu karafuu zimerowa. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua kwa daraja, na karafuu iliyorowa ikiwa nusu kavu hairudi kuwa ile iliyokuwa.

Ndiyo maana nilipopata bodi yangu ya kwanza ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), Arduino Uno niliyomwagizia ndugu yangu aliyekuwa akija kutoka Dar es Salaam, sikutaka kuishia kwenye kuwasha taa na kuzima. Nilitaka kumtengenezea mama kengele ya mvua. Vijana wengi huniuliza wanunue bodi gani ili waanze. Zamani niliwatajia majina ya bodi. Siku hizi nawaambia: nunua yoyote unayoimudu, lakini kabla hujaizoea tafuta kitabu cha zamani cha usanifu wa saketi za dijitali, kile kilichoandikwa kabla bodi hizi hazijakuwepo, na uwe na chipu chache za kufanyia kazi kila sura kwa mikono yako. Sababu ni kengele hiyo hiyo.

Ilikuwa kipande cha ubao, juu yake nyaya mbili za shaba nilizozilaza kama vitana viwili vilivyoingiliana meno bila kugusana. Waya mmoja umeungwa kwenye volti 5, wa pili kwenye pini namba 2 ya bodi. Tone la maji likianguka katikati umeme unapita, pini inasoma 1, yaani umeme upo, king'ora kinalia. Programu haikuzidi mistari kumi na mitano. Pale mezani ilifanya kazi mara ya kwanza, na furaha niliyokuwa nayo siku ile naikumbuka mpaka leo.

Usiku ule ule ikalia. Hapakuwa na mvua wala umande. Nikiusogeza mkono karibu na waya, inalia. Friji ikiwaka, inalia. Nikakaa nayo siku nne nikibadilisha programu: nikaiambia isome mara tatu kabla ya kuamua, kisha mara kumi, kisha isubiri. Ilipungua, haikuacha.

Mtaani kwetu Chake Chake yupo mzee ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza redio na televisheni, tangu enzi zile za miaka ya 1970 Zanzibar ilipoanza kurusha televisheni ya rangi. Sote tunamwita Maalim. Nikamchukulia bodi yangu, na laptop nikaibeba nimwoneshe programu. Laptop hata hakuitazama. Aliishika ile waya inayotoka kwenye kibao, akaifuata kwa kidole mpaka kwenye pini, akaniuliza:

"Mvua isipokuwepo, hii pini imeshikwa na nani?"

"Haijashikwa na kitu, Maalim."

"Basi mwanangu, unaiuliza jambo ambalo haliko katika uwezo wake kulijibu."

Akaingia ndani akatoka na kitabu. Jalada halipo, karatasi zimegeuka rangi ya chai, pembeni mna maandishi yake ya penseli. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kina michoro mingi na picha hakuna. Akanifungulia sura ya mageti, yaani saketi ndogo zinazopokea 0 na 1 na kutoa jibu, akaniacha barazani nikisoma.

Nilichokisoma ni hiki. Pini ya kuingizia haivuti umeme wa maana. Kazi yake ni kusikiliza volti. Ukiiachia hewani, inasikiliza chochote kilicho karibu: umeme wa nyumba, mkono wako, mota ya friji. Waya mrefu unaongeza masikio yake. Dawa ni rizista, kipande kinachobana mkondo wa umeme, ya kuivuta kwenye hasi, ili pasipo maji isome 0 bila wasiwasi. Siku nne nilikuwa nikitibu kwa programu ugonjwa ambao haukuwa wa programu.

Nikatia rizista ya kiloomu 10 (omu ni kipimo cha kubana umeme), kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Kelele zikakata. Nikaiweka juani karibu na majamvi, nikamwambia mama aitegemee. Siku ya tatu mvua ikanyesha na kengele haikulia. Mama alikuwa ndani kwa kuwa nilimwambia asiwe na wasiwasi. Jamvi zima likarowa.

Jambo lile liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwa kuwa jibu lilikuwa kurasa mbili mbele ya pale nilipoachia kusoma. Pini haisemi 1 kwa sababu imeona umeme kidogo. Ina vizingiti viwili. Kwa chipu ya Uno, ATmega328P, ikiendeshwa kwa volti 5, chini ya volti 1.5 ina uhakika ni 0, juu ya volti 3 ina uhakika ni 1, na katikati ya hapo haikuahidi kitu. Nilichukua mita nikapima kibao changu kikiwa na matone ya mvua: takriban kiloomu 90, ikipanda na kushuka. Maji ya mvua hayana chumvi nyingi, hayapitishi umeme kama ya bahari. Sasa fanya hesabu: volti 5 zinagawanywa kati ya kiloomu 90 za maji na kiloomu 10 za rizista. Pini inabakiwa na nusu volti. Kwake hiyo ni 0, na ilikuwa sahihi kunyamaza. Nikaitoa ile rizista nikaweka ya megaomu 1, yaani kiloomu 1,000, na volti zikapanda zaidi ya 4.5. Sambamba na rizista nikatia kapasita ya nanofaradi 100, kipande kinachohifadhi umeme kidogo, ili kumeza vile vijimawimbi vya umeme wa nyumba.

Tatizo la mwisho lilikuwa kutu ya kijani. Waya wa shaba ukiwa na volti 5 muda wote na maji yakiwa juu yake, mkondo unaila shaba upande mmoja. Kwa hiyo sasa kitana cha kwanza nimekiunga kwenye pini nyengine badala ya volti 5 za moja kwa moja: bodi inakiwasha, inangoja nusu sekunde, inasoma, inakizima, kisha inapumzika sekunde tano.

Mtu atasema yote haya yamo kwenye intaneti. Yamo, lakini intaneti inakujibu ulichouliza, nami sikujua kwamba kuna cha kuuliza. Kitabu kinakupitisha kwenye jambo kabla halijakupata, kwa mpango wake, na ukiwa mvumilivu unapita kote.

Kwa hiyo ununue nini? Chipu za 74HC00 mbili tatu (za mageti), 74HC14 moja (ya kugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0), 74HC74 moja (ya kukumbuka 0 au 1), 555 moja (ya kupiga mapigo), ubao wa matundu wa kuchomekea, taa za LED na rizista. Rizista na kapasita nyingi nimezitoa kwenye redio mbovu. Chaja ya simu ya volti 5 inatosha kuendesha vyote. Paobenki pia inafaa umeme ukikatika, ila nyingi hujizima zenyewe zikiona kinachotumika ni kidogo mno, kwa hiyo usidhani umeharibu saketi.

Anza na 74HC00. Ina miguu 14, na ndani mna mageti manne ya NAND. Mguu wa 14 ni chanya, wa 7 ni hasi. Geti la NAND linatoa 0 pale tu miguu yake yote miwili ya kuingizia ikiwa 1. Kwengineko kote linatoa 1. Kwa geti hili peke yake unaweza kujenga mengine yote. Usikubali kusoma tu kwamba inawezekana. Chukua karatasi, chora jedwali la ukweli, yaani kila hali ya kuingizia na jibu lake, kisha chomeka nyaya ulione. Zoezi ninalowapa wanaoanza ni taa ya ngazi. Kwa shangazi yangu Mji Mkongwe, nyumba ni ya ghorofa, swichi moja iko chini na nyengine juu, na kila moja inaweza kuwasha au kuzima taa ile ile bila kujali mwenzake alivyo. Hilo ndilo geti la XOR, linalotoa 1 pale viingizo vyake viwili vikitofautiana, na linatoka kwenye mageti manne ya NAND, yaani chipu moja kamili. Mwanahisabati George Boole aliiandika hesabu hii ya 0 na 1 mwaka 1854, na mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa bado mwanafunzi, akaonesha kwamba swichi na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zinaitii. Ukishaijenga taa ya ngazi kwa mikono yako, hesabu ile haikutishi tena.

Halafu 555, chipu iliyosanifiwa na Hans Camenzind na kuingia sokoni mwaka 1972, na bado inauzwa. Ukiweka rizista ya kiloomu 10, nyengine ya kiloomu 68 na kapasita ya mikrofaradi 10, inapiga karibu pigo moja kila sekunde. Lipeleke pigo hilo kwenye flipuflopu ya 74HC74, iliyoungwa ili igeuke kwa kila pigo, uangalie taa ikiwaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Kaa uitazame. Ndani ya bodi kama Uno pigo hilo linakwenda mara milioni 16 kwa sekunde, na hakuna la ajabu jengine.

Lakini kitabu cha zamani kisome ukijua umri wake. Vingi vinazungumzia familia ya kwanza ya 7400, ile ya TTL (aina ya kale ya kutengeneza mageti) iliyotolewa na kampuni ya Texas Instruments miaka ya 1960. Chipu zile mguu ukiachwa hewani kwa kawaida husoma 1, kwa hiyo baadhi ya michoro haina rizista ya kuvuta. Ukiunakili mchoro huo kwa chipu ya HC, yaani za aina ya baadaye kama nilizokutajia, unarudi kwenye kengele yangu ya usiku. Utaona pia LED imechorwa kutoka chanya kuja kwenye chipu, na inawaka pale chipu inapotoa 0. Hawakukosea. Geti la TTL linaweza kumeza miliampea 16 lakini likisukuma ni 0.4 tu, hivyo taa ilibidi iwekwe upande ambao geti lina nguvu. Na ikiwa bodi yako ni ESP32, pini zake ni za volti 3.3, usizipelekee volti 5 kutoka kwenye chipu za HC, utaiua.

Sura za kurukwa zipo. Ramani ya Karnaugh, chati ya kurahisisha jedwali la ukweli, ijue kwa vigezo vitatu au vinne, jioni moja inatosha. Kumbukumbu za sumaku na tepu za karatasi soma kwa mapenzi ukitaka. Sura ambayo ningekuomba usiiruke kwa hali yoyote ni ile ya mashine za hali, ambayo kwa kawaida huwa nyuma kabisa, watu wanapokuwa wameshachoka. Inakufundisha kuchora viduara, kila kiduara hali moja, na mishale inayosema ni kitu gani kinakutoa hapa kukupeleka pale. Kengele ya mama ina viduara vinne: pakavu, shaka, mvua, na kunyamazishwa. Tone moja linaipeleka kwenye shaka, lisipofuatwa na jengine inarudi. Mama akibonyeza kitufe inanyamaza, na hailii tena mpaka kibao kikauke kwanza. Kabla ya mchoro ule programu yangu ilikuwa msitu wa masharti ambao nikigusa huku unaharibika kule. Baada ya mchoro, niliiandika upya kwa usiku mmoja.

Kiingereza cha vitabu hivi kiliniwia kigumu kuliko saketi zenyewe. Niliweka daftari la maneno, na yaliyonishinda nilimpelekea Maalim. Usione haya kumwendea mzee wa aina hiyo mtaani kwako. Chukua na kitu kilichoharibika mkononi, maana wao husema zaidi wakiwa na kitu cha kushika.

Mama hakuniuliza ndani ya kisanduku mna nini. Aliomba kimoja tu, kitufe kiwe kikubwa, aweze kukisukuma kwa kiganja akiwa amekumbatia pembe za jamvi. Nikang'oa kile kidogo nikaweka cha kengele ya mlangoni. Kwa mbonyezo mmoja bodi ikahesabu minne, kwa kuwa vyuma vya ndani hudunda kabla ya kutulia. Safari hii niliujua ukurasa. Milisekunde 20 za kusubiri zimekitosha.