Grafu ya protini inayopanda kwenye pembe ndogo

Ndugu, umesema grafu ya mtawanyiko wa eksirei kwenye protini yako kule ESRF (kituo cha eksirei kali), Grenoble, inazidi kupanda kwenye pembe ndogo kila picha inayofuata. Hapo eksirei zinaiharibu sampuli. Maji yakipigwa huzaa radikali huru (vipande vya molekuli vinavyoshambulia protini), protini zinashikana, na mabonge machache tu hufunika ishara ya protini nzima, kwani mtawanyiko wa chembe hukua kwa mraba wa ujazo wake.

Linganisha kila picha na ya kwanza; zilizoachana nayo usizitie kwenye wastani. Sampuli itiririke ndani ya kapilari wakati wa kupigwa, punguza eksirei kwa vichujio, na ongeza gliseroli asilimia 3 hadi 5. Gliseroli hiyo iwemo pia kwenye bafa (kimiminika kilichobeba protini) ambayo mtawanyiko wake unautoa kwenye ule wa sampuli (wengi husahau hapa), la sivyo hesabu yote inaharibika. Bora uchote bafa kwenye chombo kilekile cha dayalisisi, pale protini ilipobadilishiwa bafa kupitia utando.

Ikiwa hata grafu ya picha ya kwanza imepinda juu kwenye pembe ndogo, usizilaumu eksirei: mabonge yalikuwemo tangu mwanzo. Zungusha sampuli kwenye sentrifyuji, kisha pima protini ya miligramu 1, 2 na 5 kwa mililita. Mstari wa Guinier (logi ya mtawanyiko dhidi ya q², ambapo q hukua na pembe na Rg ni kipimo cha ukubwa wa protini) unyooke mpaka qRg ifike 1.3.